GPA yangu ni 2.8 na Kiingereza nilipata F: digrii ya mawasiliano ya umma nitaifikiaje?

Shikamoo Dada Mshauri,

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 31, natangaza kwenye redio ya jamii mkoani Kigoma. Nasoma taarifa ya habari ya saa 1 asubuhi na kuandaa kipindi cha wakulima. Kidato cha nne nilipata C ya Kiswahili, C ya Maarifa ya Biblia, D ya Uraia, D ya Historia na D ya Bailojia. Kiingereza, Jiografia na Hisabati zote F. Nikasoma astashahada, kisha stashahada ya uandishi wa habari, ambayo nilimaliza miaka 6 iliyopita kwa GPA ya 2.8.

Mkurugenzi wetu ametuambia sheria imebadilika, asiye na digrii hatatangaza tena. Tangu siku hiyo usingizi umenipaa. Nimepakua mwongozo wa udahili, nimekuta wanataka "prinsipali mbili zenye pointi 4.0", na mimi kidato cha tano sikukikanyaga. Kijana mmoja mwenye steshenari anayejazia watu fomu za vyuo anataka nimpe 150,000 aniingize hivyo hivyo, eti 2.8 ni kama 3 tu. Mwenzangu kazini naye anasema kwa stashahada na uzoefu wangu nitaanzia mwaka wa pili.

Nisaidie: mlango upo? Nikiingia, digrii yenyewe inadai nini mpaka nivae joho? Nisome Uandishi wa Habari, Mawasiliano ya Umma au Uhusiano wa Umma? Mkopo nitapata? Na jina: vyeti vyangu vina jina la baba, kitambulisho cha NIDA kina jina la mume.

Mtangazaji, Kigoma

* * *

Marahaba, mdogo wangu.

Nianze na hilo lililokunyima usingizi, maana ndilo jepesi kuliko yote. Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 inamtaka mwandishi wa habari awe na ithibati, na kanuni zake za mwaka 2017 ziliweka kiwango cha chini cha elimu kuwa stashahada ya uandishi wa habari au fani inayohusiana nayo. Stashahada, si digrii. Hiyo unayo kabatini. Anayetoa ithibati na kitambulisho ni Bodi ya Ithibati ya Waandishi wa Habari. Kama kitambulisho chake huna, shughulikia hicho wiki hii, digrii itasubiri. Inawezekana mkurugenzi wako anataka digrii kwa utaratibu wa kituo chake mwenyewe, na hiyo ni haki yake, ila mwombe aiweke kwenye barua. Sheria ya nchi na matakwa ya kituo ni vitu viwili.

Sasa mlango. Mwongozo ulioupakua ni sahihi, lakini si wako. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, hutoa miongozo miwili ya digrii ya kwanza kila msimu: mmoja wa waliotoka kidato cha sita, mwingine wa wenye stashahada na sifa linganifu. Prinsipali mbili, yaani masomo mawili ya kidato cha sita yaliyofaulu kwa A hadi E, zenye jumla ya pointi 4.0 (A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1) zinamhusu mtoto wa kidato cha sita, naye General Studies yake haihesabiwi humo. Wewe tafuta ule wenye neno "Diploma" kwenye jalada. Humo sharti la jumla ni hili: ufaulu wa angalau masomo manne ya kidato cha nne kwa D au zaidi, pamoja na stashahada yenye GPA, yaani wastani wa pointi za masomo, isiyopungua 3.0.

Masomo manne unayo: Kiswahili, Uraia, Historia, Bailojia. Nimeiacha Maarifa ya Biblia makusudi. Masomo ya dini mara nyingi hayahesabiwi katika yale manne, na wengi hulijua hilo baada ya kukataliwa. Wewe umepona kwa Bailojia.

Kinachokukwamisha ni 2.8. Na hapa naomba uelewe kwa nini yule kijana wa steshenari hawezi kukusaidia hata kwa milioni. Mwenye stashahada haandiki GPA yake kwa mkono kwenye fomu ya chuo. Anaingiza AVN, namba ya uhakiki anayoiomba NACTVET, Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi, na mfumo wa chuo unayafuata matokeo kule kule yalikotunzwa. Yakija 2.8, hayapandishwi kuwa 3. Kwa hiyo huyo kijana ana mawili tu ya kufanya: akujazie fomu hiyo hiyo ambayo ungeijaza mwenyewe, ukataliwe, na hela imekwenda, au atumie AVN ya mtu mwingine, na hapo utakuwa umeghushi wewe, si yeye, kwa sababu jina kwenye fomu ni lako.

Kabla hujaikubali 2.8 kama hukumu, omba transkripti, ile orodha rasmi ya matokeo yako, chuoni kwako uipige hesabu mwenyewe. Zidisha pointi za kila moduli (somo) kwa krediti zake, yaani uzito wake, jumlisha, gawanya kwa jumla ya krediti. Unatafuta kitu kimoja: moduli uliyorudia ikapita, lakini bado imekaa na alama ya zamani, au moduli iliyoachwa wazi. Ukikuta kosa, chuo ndicho kinachorekebisha na kupeleka NACTVET. Mwanafunzi hawezi kurekebisha mwenyewe. Usipokuta kosa, basi 2.8 ni yako, na tunazunguka.

Njia ya kuzunguka inayokufaa ni programu ya Foundation ya Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Ipo kwa ajili ya watu wa aina yako: mwenye stashahada ya GPA isiyopungua 2.0 anaingia. Ukitoka humo na GPA ya 3.0 kutokana na masomo sita ya msingi, na angalau C katika masomo matatu ya mkondo wako (wako ni Sanaa), unahesabika una sifa ya digrii. Isome vizuri hiyo sentensi. Wengi husikia "C tatu" wakatulia, kumbe ile 3.0 ya masomo sita ndiyo inayowaangusha. C ni pointi 2. Ukikusanya C tupu utatoka na 2.0, na utakuwa umelipa ada ya bure. Unahitaji wastani wa B. Kila C moja utakayopata lazima ifidiwe na B+ mahali pengine.

Kabla ya kulipa, fanya jambo ambalo watu hulionea uvivu: iandikie barua pepe ofisi ya udahili ya chuo unachokitaka ukiuliza kama programu ile inapokea cheti cha Foundation. Sharti la TCU ni sakafu. Chuo kina ruhusa ya kuweka kizingiti juu yake, na zipo programu zinazomdai mwenye stashahada GPA ya 3.5 badala ya 3.0. Jibu la barua pepe lihifadhi.

Ipo pia njia ya kutambuliwa ujuzi uliopatikana nje ya darasa, ambayo hupitia mkoba wa kazi zako, usaili na mtihani wa maandishi. Kwa mtu mwenye stashahada tayari, nadhani Foundation ni salama zaidi, kwa sababu itakufundisha kusoma tena. Miaka 6 bila mtihani si mchezo.

Tuje kwenye Kiingereza. Sharti la jumla la TCU linahesabu ufaulu wa masomo manne tu, halitaji Kiingereza, hivyo F yako peke yake haikufungii. Lakini pitia safu ya masharti ya kila programu, neno kwa neno: fani za habari ni miongoni mwa zile ambazo baadhi ya vyuo hudai ufaulu wa Kiingereza cha kidato cha nne. Zaidi ya hapo kuna jambo la vitendo. Digrii hii hufundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza, ukiacha kozi za Kiswahili. Mtu anayejua kazi ya redio ndani nje anaweza kufeli sheria ya habari kwa sababu hakuelewa swali lilitaka nini. Ushauri wangu ni urudie somo hilo moja kama mtahiniwa wa kujitegemea. Usajili wa NECTA, Baraza la Mitihani, kwa kawaida hufunguliwa Januari na kufungwa mwisho wa Februari, Machi ni kwa faini, mtihani ni Novemba. D ni kuanzia alama 30, C kuanzia 45, lenga C. Ukifaulu, kwenye fomu za chuo utajaza namba mbili za mtihani: ya zamani na hii mpya. Kuna watu hujaza moja tu, mfumo unasoma F ile ile ya zamani, halafu wanalaumu chuo.

Jina nalo. Katika maombi ya chuo na ya AVN, jina lako ni lile lililo kwenye cheti cha kidato cha nne, basi. Namba ya mtihani ndiyo inayokutambulisha, na jina linalorudi nayo ni la baba. Ukijiandikisha kwa jina la mume, mifumo haitaoana na maombi yataganda bila maelezo. Kwa kuwa NIDA yako ina jina jingine, tengeneza hati ya kiapo kwa wakili inayosema majina yote mawili ni ya mtu mmoja, chapisha nakala kadhaa, uwe nazo siku ya usajili. Usibadilishe jina la masomo katikati ya safari. Cheti cha digrii kitafuata jina ulilosajiliwa nalo.

Na huyo mwenzako wa mwaka wa pili, mwambie hapana. Uhamisho wa krediti hufanyika kati ya masomo ya ngazi moja, yaani aliyeanza digrii chuo A akahamia chuo B. Stashahada iko ngazi ya chini. Inakufungulia mlango, haikupandishi ngazi. Uzoefu wako utakusaidia kwenye kozi za studio, ambako utawaacha wenzako mbali, lakini kozi hizo utazisoma na kuzifanyia mtihani kama wao.

Digrii yenyewe inadai nini? Hesabu zake si ngumu, ila wenye kazi huzipuuza mpaka zinawaumiza. Digrii ya miaka mitatu ni krediti 360 kwa uchache, 120 kila mwaka. Krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi: mhadhara, semina, kusoma, kuandika, mtihani, vyote ndani. Mwaka ni saa 1,200. Muhula wa krediti 60 ni saa 600, na ukizigawa kwa wiki 15 za masomo unapata saa 40 kwa wiki. Saa 40, mdogo wangu. Hiyo ni ajira ya pili. Wewe taarifa yako ni ya saa 1 asubuhi, maana yake saa 11 uko njiani. Ukitoka zamu una watoto. Ndiyo maana sikushauri ukimbilie chuo cha kukaa bweni Dar es Salaam au Mwanza huku ukijidanganya kwamba kituo kitakuvumilia. Chuo Kikuu Huria kina kituo kila mkoa, Kigoma ikiwemo, na hukuruhusu kuchukua kozi chache kwa muhula. Ukichukua nusu ya mzigo, ni saa 20 kwa wiki: saa mbili kila siku ya kazi, tano Jumamosi, tano Jumapili. Digrii itachukua muda mrefu zaidi, lakini utaimaliza ukiwa na mshahara. Ukiamua kwenda chuo cha kawaida, omba likizo ya masomo kwanza.

Ndani ya krediti 360 utakutana na makundi haya: nadharia za mawasiliano, sheria na maadili ya habari, mbinu za utafiti na takwimu, stadi za mawasiliano, taaluma za maendeleo, halafu kozi za fani, yaani kuripoti, kuhariri, kutayarisha vipindi, uhusiano wa umma. Kati ya kozi hizo kuna za lazima na za hiari. Mtu anaweza kufikisha krediti 360 na bado asihitimu kwa sababu kozi moja ya lazima ya mwaka wa kwanza aliiacha. Kila mwanzo wa muhula, chukua orodha ya kozi za programu yako, weka tiki, hesabu mwenyewe. Usingoje mwaka wa tatu ofisi ikuhesabie.

Alama huwa zinatoka pande mbili: kazi za muhula, ile kosiweki, na mtihani wa mwisho, ambao wanafunzi huuita UE. Mgawanyo wa 40 kwa 60 ni wa kawaida. Kwa kipimo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, A ni kuanzia 70 na ina pointi 5, B+ ni 60 hadi 69 pointi 4, B ni 50 hadi 59 pointi 3, C ni 40 hadi 49 pointi 2. Tuseme muhula una kozi tano za krediti 12 kila moja. Redio umepata A, stadi za mawasiliano B+, sheria ya habari B, nadharia C ya 48, takwimu C ya 47. Zidisha: 60, 48, 36, 24, 24. Jumla 192, gawanya kwa 60, unapata 3.2, daraja la pili la chini. Sasa zile C mbili ziongezee alama 2 na alama 3 tu, ziguse 50: jumla inakuwa 216, GPA 3.6, daraja la pili la juu, ambalo huanzia 3.5. Alama tano kwa kozi mbili. Alama hizo hazipatikani usiku wa kuamkia UE. Ziko kwenye zoezi la kosiweki ulilochelewa kupeleka kwa sababu ulikuwa zamu. (Umeshaona ile 0.2 ya stashahada yako ilivyopotea?)

Ukifeli kozi, utapewa mtihani wa marudio, sapu. Sapu mara nyingi hata ukiipasua haikupi zaidi ya C. Lakini hata sapu ina sharti: kwa kanuni za Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, GPA ya mwaka ikishuka chini ya 1.8, hupewi sapu, umedisko, yaani umeondolewa masomoni. Kila chuo kina kitabu chake cha kanuni za mitihani. Soma kurasa hizo wiki ya kwanza, kabla hata ya kununua desa (notisi za kudurufu).

Kuna fildi, mafunzo kwa vitendo, kwa kawaida wiki nane. Wewe utashawishika kuifanyia kituoni kwako. Uliza kama chuo kinaruhusu, na hata kikiruhusu nisingekushauri. Nenda gazetini, au kwenye kitengo cha mawasiliano cha halmashauri, uone upande wa pili wa barua unazozipokea. Kinachowaangusha watu kwenye fildi ni daftari la kila siku: wanalijaza wiki ya mwisho kwa kalamu moja, na msimamizi si mtoto. Lijaze kila jioni, sentensi tatu: nilifanya nini, nilikwama wapi, nani alinielekeza.

Halafu tasnifu ya mwaka wa mwisho, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo wahitimu wa fani hii hukwama kuliko mahali popote. Kosa la kwanza ni mada. "Mchango wa redio za jamii katika maendeleo ya wakulima" si mada, ni kichwa cha hotuba ya mgeni rasmi. Utaupimaje mchango? Maendeleo yepi? Mtu anagawa dodoso 100, anauliza "je, redio inakusaidia?", 92 wanajibu ndiyo, na msimamizi anaandika pembeni: "Kwa hiyo?"

Ibane mpaka uweze kuihesabu. Kwa mfano: katika taarifa ya habari ya asubuhi ya kituo fulani, wakulima husikika wenyewe mara ngapi, na maofisa huwasemea mara ngapi? Huo ni uchambuzi wa maudhui, na data yake huchukui kwa mtu, iko kwenye kompyuta ya studio. Chukua taarifa za siku 28, zote za saa 1 asubuhi. Toa kila habari inayohusu kilimo. Tengeneza fomu ya ukurasa mmoja kwa kila habari: tarehe, urefu kwa sekunde, nani anasikika kwa sauti yake, nani anatajwa bila kusikika, habari imeanzia wapi (mkutano, taarifa kwa vyombo vya habari, au mwandishi kwenda shambani). Kila jibu lipe namba.

Kisha inakuja hatua ambayo wengi huiruka, na ambayo mtahini huanza nayo. Mpe mtu wa pili fomu hiyo hiyo na habari zile zile, ajaze bila kuona zako. Mkiwa na habari 100 na mkakubaliana kwenye 84, fomula ya Holsti, inayopima mmekubaliana kiasi gani, inasema zidisha 84 kwa 2, gawanya kwa 200, unapata 0.84, nayo inatosha kusimama nayo mbele ya watahini. Mkikubaliana kwenye 60, tatizo si mwenzako, ni fomu: pengine hukueleza "ofisa" ni nani. Je, mwenyekiti wa kijiji ambaye pia analima ni ofisa au mkulima? Andika jibu lake kabla ya kuanza, siyo habari ya 57.

Nadharia ichaguliwe kwa kazi yake. Ile ya kupanga ajenda, iliyotokana na utafiti wa McCombs na Shaw wa mwaka 1968 huko Chapel Hill, Marekani, na kuchapishwa 1972, inahusu vyombo vya habari kuwaelekeza watu wafikirie jambo gani. Ili kuipima unahitaji pande mbili, habari na maoni ya wasikilizaji. Kwa mada yangu hapo juu, ya mlinda lango inafaa zaidi, maana unauliza nani anaruhusiwa kupita kwenye kipaza sauti. Wanafunzi hubandika kupanga ajenda kwenye kila kitu kama stempu. Na kibali: omba barua ya chuo na ruhusa ya kituo kwa maandishi kabla ya kugusa faili la kwanza, hata kama ufunguo wa studio unao wewe.

Umeuliza usome ipi. Shule Kuu ya Uandishi wa Habari na Mawasiliano kwa Umma ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa mfano, ina digrii tatu tofauti: Uandishi wa Habari, Mawasiliano ya Umma, na Uhusiano wa Umma na Matangazo. SAUT, Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino cha Mwanza, inajulikana kwa Mawasiliano ya Umma. Wewe uandishi umeshausoma miaka mitatu na unaufanya kila asubuhi. Nisingekupeleka ukaurudie. Chukua Mawasiliano ya Umma, kisha kozi za hiari zielekeze kwenye uhusiano wa umma na utafiti. Ukichoka na zamu za alfajiri, utaweza kuomba nafasi ya ofisa habari bila kuanza moja. Anayejua atabaki chumba cha habari maisha yake yote ndiye anayefaidi digrii ya Uandishi wa Habari. Kama unawaza shahada ya uzamili, jua kwamba mlango wake wa kawaida ni GPA ya 2.7, yaani daraja la pili la chini kwenda juu.

Mkopo, usiuwekee matumaini. Miongozo ya Bodi ya Mikopo humtaka mwombaji awe amemaliza kidato cha sita au stashahada ndani ya miaka mitano, asiwe na kipato cha ajira au mkataba rasmi, na asizidi miaka 35. Una miaka 6 tangu umalize, na una mkataba. Foundation itakula mwaka, na umri nao hausimami. Panga ada kama mtu asiyepata bumu (hela ya mkopo), uulize chuo kama ada inalipwa kwa awamu. Lipa kwa kontrolo namba tu, iliyotoka kwenye akaunti yako ya maombi, si kwenye simu ya mtu. Usisahau ada ya TCU ya udhibiti ubora, 20,000 kwa mwaka, ambayo huwa haimo kwenye ada ya masomo.

Wasomaji wetu wa Kenya huuliza hayo hayo, basi kwa kifupi: kwenu mlango wa digrii ni C+ ya wastani wa KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, masomo ni miaka minne, na wanaopangiwa nafasi hupitia KUCCPS, taasisi inayopanga wanafunzi vyuoni. Mwenye KCSE anayetaka kusoma Tanzania aanzie NECTA kupata ulinganifu wa cheti chake.

Mpangilio wako sasa, mdogo wangu: transkripti na hati ya kiapo mwezi huu. Januari, jisajili NECTA kwa Kiingereza, na nenda kituo cha Chuo Kikuu Huria hapo Kigoma ukaulize dirisha la Foundation linafunguliwa lini. Soma vyote viwili kwa pamoja mwaka huo. Mwaka unaofuata, msimu wa udahili ukifunguka, kwa kawaida Julai, omba vyuo visivyozidi vitatu ulivyovisoma masharti. Ukichaguliwa zaidi ya kimoja, TCU hukutumia namba ya siri kwa ujumbe wa simu ili uthibitishe kimoja, kwa hiyo laini uliyoandika kwenye fomu isiwe ya yule kijana wa steshenari. Na kabla ya yote hayo, mwombe mkurugenzi akuhamishie zamu za jioni siku za mitihani, na akubali kwa barua yenye tarehe na mhuri. Ruhusa ya mdomo huondoka na mkurugenzi aliyeitoa.